Uongo Mmoja Kila Somo

Kwako Rula, mwenzangu,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima, na mama anaendelea vizuri na mguu wake. Sisi huku hatujambo. Meza yako ya dirishani ameirithi mwalimu wa hesabu, anakula karanga na kuacha maganda kwenye droo. Wanafunzi wako wa michoro wanakusalimu sana.

Hongera kwa chuo kipya na cheo. Majuzi mkuu wa idara alituambia kuna semina ya walimu wa vyuo kuhusu kufundisha darasa lisisinzie, na mwendeshaji ni mtaalamu aliyebuni somo la zege linalosifiwa kila mahali. Akanichagua niende nikajifunze. Nikajisemea, kumbe duniani yupo mwehu mwingine anayebeba ndoo za mchanga darasani.

Nilichelewa, nikakaa nyuma, karibu na nguzo. Mtaalamu ulikuwa wewe.

Niliziona ndoo zangu. Niliyasikia maswali yangu, hata kile kichekesho cha fundi na mkwewe nilichokitunga nikiwa na homa. Somo lile nililipanga mbele ya macho yako, ukaniomba nakala, nikakupa bila kufikiri mara mbili. Jirani yangu akaniuliza kama nimewahi kuona mwalimu mbunifu namna ile. Nikamjibu kwamba ninamfahamu. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku zote nilidhani wazee walikuwa wanazungumzia chawa.

Imeniuma, Rula, sitakuficha. Ungenitaja mara moja tu, ningekupigia makofi mpaka viganja viwake moto.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukuwahi kuniuliza. Darasa langu halichangamshwi na ndoo. Siku ya kwanza huwaambia wanafunzi kwamba katika kila somo nitawadanganya mara moja, na atakayenikamata atachukua chaki yangu afundishe yeye. Ndiyo maana hawasinzii, na ndiyo maana huja wamesoma. Kwenye karatasi ya maandalizi ya somo uongo huo siuwekei alama yoyote ya kuutambulisha, maana wale watoto wana macho ya kunguru.

Uongo wa somo lile ni pale ulipotangaza, kifua mbele, kwamba zege huwa gumu kwa kukauka, kwa hiyo lipigwe na jua mapema. Zege hunyweshwa maji siku baada ya siku, la sivyo hupasuka. Wewe ni mtu wa michoro, naelewa. Lakini ukumbi mzima uliandika. Nilitaka kuinua mkono, nikaogopa kwamba nikifungua mdomo nitalia.

Wameondoka na kosa hilo, kila mmoja chuoni kwake. Waandikie uwasahihishe kabla hawajalifundisha. Watakuuliza kosa hilo liliingiaje katika somo ulilolibuni mwenyewe, na hapo ndipo utakapolazimika kunitaja.

Nisalimie mama. Mwambie asiponiona tena kwenu asidhani nimemchoka yeye.

Ni mimi, uliyekuwa ukiniita dada,
Mama Zege