Kamba Siishiki Tena

Kwako Baba Neema, uliyerudi kimyakimya na kufikia kwa kaka yako Bukene,

Salamu zako nimezipata. Kaka yako alizileta hapa Mtendeni juzi. Alikaa juu ya gogo, akanywa chai yangu mpaka birika likalia tupu, ndipo ulimi ukamlegea. Kwamba umerudi kutoka Dar. Kwamba Jumamosi mtakuja wote wawili kuyaweka mambo sawa. Utachukua chenso, ile mashine ya kukatia miti, na yadi ya mbao kwa kuwa ni mali ya familia, utapanda juu ya miti wewe kama zamani, na mimi nitarudi chini kushika kamba. Na kwamba umenisamehe.

Nikamuuliza, "Shemeji, amenisamehe nini?"

Akatazama miguu yake. "Hiyo ya kupanda juu ya miti, shemeji. Watu wanamcheka."

Makubwa haya! Asante kwa msamaha, Baba Neema. Jibu langu ndilo hili, na sikulitia kwenye bahasha. Kaka yako alisome kwa sauti, anayetaka kusikia asikie, maana maneno yako nayo hayakuja kwa siri.

Unaikumbuka Tura? Mimi nilikuwa nauza karanga pale stesheni, wewe umekuja na kibarua cha kukata mti ulioegemea ghala. Ukauliza nani atakushikia kamba. Vijana wote wakaangalia pembeni. Ukanigeukia mimi, "Dada, unaweza kushika kamba?" Nikakujibu, "Kwani inauma?" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Jioni ile viganja vyangu vilikuwa vimechubuka, ukavipaka mafuta ya nazi kidole kimoja kimoja, na mimi karanga zangu nikazisahau kabisa. Nilikupenda siku ileile, sioni haya kulisema.

Ulinifundisha vizuri, hilo sikunyimi. Unapanda, unalifunga tawi, unanitupia ncha ya kamba, mimi naizungusha kwenye shina na kujiegemeza nyuma kwa uzito wangu wote. Wewe unakata huko juu, mimi naachia kidogokidogo, tawi linashuka kama mgonjwa anayelazwa kitandani. "Taratibu, mama, taratibu!" Uliniita mama hata kabla Neema hajazaliwa.

Tukahamia Tabora kwa sababu kazi ilikuwa huku. Mji umejaa miembe ya tangu enzi za misafara, mikubwa, mingine ndani imebaki uwazi mtupu, na kila mvua ikinyesha kuna mmoja unaotaka kulalia paa la mtu. Mapatano yetu yalikuwa yaleyale kila nyumba: matawi ni kuni za mwenye mti, gogo ni la mkataji. Wewe magogo yote ulitaka tuwauzie wachoma mkaa. Nani alisema tupasue mbao? Sema mwenyewe.

Na lile kosa letu la kitanda cha harusi! Mbao za mwembe zilikuwa bado mbichi, tukamuuzia yule bwana arusi kwa sababu alikuwa na haraka na sisi tulikuwa na njaa. Kitanda kikapinda. Akaja asubuhi anafoka kwamba bibi arusi amelala ukutani na yeye sakafuni. Wewe ulijificha nyuma ya rundo la mabanzi, nikawa nakuona unavyotetemeka kwa kicheko. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni, nikatukanwa, nikaomba radhi, nikamtengenezea kingine. Usiku tulicheka pamoja. Lakini aliyesimama mlangoni nilikuwa mimi.

Kisha ukaenda Dar kutafuta maisha, ukasema ni miezi michache. Mara simu inaita haipokelewi, mara haipatikani. Neema akaacha hata kuuliza. Wateja wakaendelea kuja, "Fundi yupo?" Nami nikawa najibu amesafiri, amesafiri, mpaka siku moja nikachoka kusema hivyo. Nikavaa suruali yako ya kazi, nikamwomba jirani yangu Mama Shija anishikie kamba, nikapanda.

Sitakudanganya, nililia kule juu. Chini watu wamejaa, wengine wametoa simu wanapiga picha. "Jamani, mwanamke juu ya mti!" Tawi la kwanza lilishuka vizuri, la pili pia. Nilipoteremka nilikuwa nimelowa jasho na sikumwogopa mtu yeyote katika mji huu.

Kesho yake akaja mama yako. Shikamoo yangu hakuiitikia. Akasema mke wa mtu hapandi mti mume akiwa hai, ni mwiko, ni kumwitia mumeo kifo. Akasema hatakanyaga tena kwangu, na kweli hakukanyaga. Neema akawa anakwenda peke yake kumsalimia bibi yake. Iliniuma, Baba Neema. Yule mama ndiye aliyeniogeshea mtoto. Lakini Neema alikuwa anakula na ada ya shule ilikuwa inalipwa, kwa hiyo niliendelea kupanda huku roho inaniuma.

Sasa sikiliza ambalo kaka yako hakukwambia. Mvua zilizopita ziliulegeza ule msederela aliopanda marehemu baba yako nyuma ya nyumba ya mama yako. Ukaanza kuinamia chumba cha mama. Asubuhi moja nimefungua mlango, huyo hapo amesimama na upepo wote ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ule mti haunipi usingizi."

"Shemeji anasemaje?"

"Anasema tumsubiri mwenyewe arudi."

Nikauliza, maana mdomo wangu unaujua, "Na ule mwiko, mama?"

Akaniangalia usoni. "Mwiko ndio utakaonizuilia mti usiniangukie?"

Sijawahi kuogopa kama siku ile. Ningekosea kidogo tu, Tabora nzima ingesema nimemvunjia mkwe wangu nyumba kwa hasira. Niliukata kuanzia kileleni, kipande baada ya kipande. Ilipofika zamu ya shina la juu, lile zito, nikaona Mama Shija anaanza kuburutwa na kamba. Nikapiga kelele. Mama yako alikuwa amekaa mkekani. Aliinuka, akajikaza kanga kiunoni, akaishika ile kamba nyuma ya Mama Shija, wakalishusha wote wawili. Bati halikuguswa.

Nilipoteremka akaenda kuweka mkono juu ya gogo. Nikamwambia, "Mama, huu ni mti wa baba, gogo baki nalo." Akakataa. "Matawi ni yangu, gogo ni la fundi. Ndivyo mnavyofanya, au siyo?" Fundi! Mimi! Nikajifanya natafuta shoka ili asione machozi yangu.

Basi sasa tuzungumze wewe na mimi. Hiyo chenso unayoitaka ilikufa zamani, inayonguruma sasa nimeinunua mwenyewe. Kodi ya kiwanja nalipa mimi, na vibali manispaa vinatoka kwa jina langu. Unaposema mali ya familia, unamaanisha familia ipi? Iliyobaki huku ikila jasho lake, au ile iliyozima simu? Sikuchukii. Kuna siku nikisikia harufu ya mafuta ya nazi bado moyo unanienda mbio, na ninaukemea. Ila chini ya mti sirudi. Ukitaka kazi, ipo: Mama Shija mgongo unamsumbua, nahitaji mtu wa kunishikia kamba. Utashika, nami nitakuwa juu. Ukiona ni aibu, treni ya Dar unaijua.

Jambo la mwisho. Mbao za ule msederela nilizipanga kivulini tangu mvua, nimeweka vijiti katikati zipate hewa, na nimekataa kumuuzia kila aliyezitamani. Sikujua nazitunza kwa ajili ya nini. Kaka yako alipoondoka juzi nikajua. Jana fundi seremala amenitengenezea geti la yadi, zito, mchwa hawaligusi, na nimelitia kufuli.

Jioni mama yako alikuja kulitazama. Nilikuwa nimeshamsimulia salamu zako zote. Akalipapasa, akalifunga, akalifungua, akauliza, "Na Jumamosi mwanangu akija?"

Nikamwambia, "Atapiga hodi, mama, kama wateja wengine."

Akasema, "Basi Jumamosi nitakuja mapema, niwe ndani."

Piga hodi, Baba Neema. Atakayeamua kukufungulia ni yeye.

Ni mimi,
Mama Neema