Bakari na wimbo asiousikia

Mpwa wangu Neema,

Marahaba. Huku Gungu hatujambo, mama yako anakusalimu. Unauliza kama rafiki yako kiziwi ataweza kupiga kafi na timu yenu.

Ujanani, kwenye mashindano ya mitumbwi Katonga, mimi niliyepishwa njia na mamba nilimkataa Bakari, naye kiziwi. "Hasikii wimbo wa kupigia kafi, atatuvuruga!"

Dada yake akanicheka. "Na wewe unayeimba kama chura? Mpakie!"

Tukampakia. Katikati ya ziwa upepo ukameza wimbo, makafi yakagongana. Bakari peke yake hakupoteza mapigo. Tukamfuata yeye, tukashinda kwa maili tatu!

Tukirudi ufukweni nikamuuliza kwa ishara, umewezaje? Akaukandamiza mguu wangu mtupu kwenye mbao za mtumbwi. Nikahisi kila pigo la wenzangu.

Mpeni kafi. Halafu nyote vueni viatu.

Mjomba wako, bingwa