Alama Nyekundu ya Mjomba Mwadime

Mjomba,

Hawakujua. Hilo nataka nikuambie kwanza. Tulikuzika Sagalla kando ya nyumba yako, mchungaji akasema ulipenda kompyuta, watu wakaitikia, tukala, wakarudi kwao. Kamati ya mazishi ilikuwa na orodha ya kila mtu wa kupigiwa simu, hata fundi aliyekuwekea tangi la maji. Lakini wale watu wako wa lugha ya kompyuta hakuna aliyewakumbuka. Mimi peke yangu ndiye niliyejua wanapatikana wapi, nami sikuwakumbuka.

Kwa wiki tano waliendelea kukuandikia. Teodora, yule mama wa nchi ya theluji anayepokea kazi za wote, aliandika jina lako akauliza kwa upole kama umepata nafasi ya kuangalia tena. Baadaye akauliza tena. Mara ya tatu akasema anajua una shamba, labda ni msimu wa kupanda. Nilisoma yote hayo kwenye simu nikiwa dukani hapa Voi. Nikaweka simu chini, nikamuuzia mtu breki za pikipiki. Sikuhisi kitu. Nakuambia ukweli, tangu uanguke pale uani sihisi kitu sana. Watu wanasema pole, nami nasema asante kama ninavyorudisha chenji.

Walikuwa wanakungoja kwa sababu yangu.

Unakumbuka nilivyokuja kwako na ile programu ya kuhesabu vipuri vya duka? Nilitaka tu iende haraka. Ukaniambia lugha niliyoandikia programu ile si mali ya mtu wala kampuni, kwamba kila mstari uliomo uliandikwa na mtu mwenye kazi nyingine, aliyejitolea tu. Nikakuuliza, sasa nani anaitunza? Ukasema, "Sisi." Nikauliza sisi akina nani, ukasema, "Mimi. Na wewe, mama, ukitaka." Nilicheka. Nilikuwa na cheti cha chuo na mikono yenye grisi.

Kazi yangu ya kwanza kule ilikuwa sentensi moja tu, ile ambayo kompyuta inamwambia mtu akikosea. Ulinirudishia mara nne. "Hii inamgombeza mtu. Mwambie amekosea wapi, usimgombeze." Ilipokubaliwa ulininunulia soda pale hotelini karibu na stendi, ukamwambia mhudumu, "Huyu leo ameingia kwenye lugha." Akauliza, "Kifaransa?" Ukasema ndiyo, Kifaransa.

Halafu ikaja ile kazi ya namba. Nilikuwa nimepata njia ya kuifanya lugha isome namba ndefu haraka zaidi, na kwa mara ya kwanza nilijua nimefanya kitu kizuri. Sheria unaijua kuliko mimi: hakuna anayejipitishia kazi yake. Lazima mwingine aisome, na akiwa na pingamizi anaweka alama nyekundu, na alama ile inakaa mpaka aliyeiweka aiondoe. Msomaji wangu ulikuwa wewe. Ukaweka nyekundu. Ukauliza, "Umeijaribu kwenye mashine ndogo?"

Mashine ndogo maana yake lile sanduku lako. Kompyuta ya zamani uliyoitoa ofisini walipokuwa wanaitupa, ile ambayo ulikuwa ukiianzishia majaribio Jumapili kabla ya ibada, na ukirudi kutoka kanisani unaikuta bado inaendelea. Nilikasirika. Nilikuandikia mbele ya watu wote, kwa Kiingereza, kwamba dunia imeenda mbele na wewe umebaki na sanduku lako. Hukunijibu pale. Ulinipigia simu jioni, ukaniuliza kama Voi kumenyesha. Nikasema hapana. Ukasema, "Hata huku." Basi. Siku ya tatu Anti akanipigia kwamba umeanguka.

Maneno yangu bado yako pale kwenye ukurasa. Ningeweza kuyafuta. Sijayafuta.

Mwishowe niliwaandikia. Nilikaa na ile nafasi tupu muda mrefu, kisha nikaandika tu kwamba Mwadime amefariki, mimi ni mpwa wake, samahani kwa kuchelewa. Kesho yake wakaanza kujibu. Sikujua mko wengi vile. Mmoja alisema wewe ndiye uliyesoma kazi yake ya kwanza. Mwingine akasema ulimrudishia kazi mara sita, na kwamba siku zile alikuchukia, na sasa yeye mwenyewe anawarudishia wengine.

Halafu Teodora akaniandikia mimi peke yangu. Alisema kazi yangu ni nzuri na majaribio yote kwenye mashine zao yamepita. Kilichobaki ni alama yako tu. Ulichouliza kilihusu mashine za zamani, na kwenye kundi zima wewe peke yako ndiye uliyekuwa na mashine kama hiyo. Akasema yeye kama msimamizi ana uwezo wa kukuondolea alama, lakini hataki kuigusa mpaka mimi niseme.

Niliandika "sawa". Sikuituma. Niliitazama mpaka simu ikazima kioo.

Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka kwako. Anti alikuwa anachagua maharagwe. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya ile kompyuta. Akasema, "Lile sanduku? Lichukue kabisa. Linakula stima kuliko mgeni." Alikuwa amelifunika kwa kitambaa cha meza, kile cha Krismasi. Hakutaka kukiondoa yeye, nikakiondoa mimi. Nikafuta vumbi, nikaunganisha nyaya, nikaliwasha. Likapiga kelele zake zile. Anti akatoka nje. Baadaye akarudi akasema alikuwa amesahau kuku.

Nikaanzisha majaribio, ikabidi tungoje. Unajua jinsi yanavyokwenda. Tukala. Nikamsomea Anti barua za wale watu, moja moja, nikizitafsiri. Ile ya aliyerudishiwa kazi mara sita, Anti alinifanya niirudie. Akasema, "Kumbe alikuwa anasumbua watu mpaka huko." Akacheka, na mimi nikacheka kidogo. Akaniuliza kama wale watu walikulipa. Nikasema hapana, hakuna anayelipwa. Akauliza, "Sasa walikuwa wanampa nini?" Nilifikiri sana, Mjomba. Nikasema walikuwa wanasoma alichoandika, na yeye anasoma walichoandika. Akatikisa kichwa, akasema, "Mimi nilidhani anacheza karata."

Jua lilipokuwa linashuka majibu yakatoka. Mengi yalipita. Mawili yalianguka. Namba ndefu niliyoingiza ilitoka upande wa pili ikiwa na alama ya kutoa mbele yake. Mashine ile haina nafasi ya kushika namba kubwa namna ile kwa njia niliyotumia, kwa hiyo inaigeuza kuwa hasi, na haisemi kitu. Haionyeshi kosa. Inakupa jibu baya kama vile ni zuri. Nikawaza kuhusu shule zote ambazo bado zina masanduku kama lako, na mhasibu fulani mahali fulani anayeamini anachokiona.

Ulikuwa sahihi. Nilingoja nihisi kitu kwa hilo, aibu, au huzuni. Nilihisi tu kwamba mgongo unauma.

Nililala kwenu. Asubuhi nikasahihisha. Ilikuwa mistari miwili tu. Nikaanzisha tena, nikaenda kanisani na Anti, nikaketi pale unapoketi wewe kwa sababu hapakuwa na nafasi kwingine. Tuliporudi bado ilikuwa inaendelea. Ilipomaliza, yote yalikuwa yamepita.

Nikamwandikia Teodora mambo yote. Kwamba ungekuwepo ungetuzuia kufanya kosa, na kwamba ulituzuia hata hivyo. Akajibu kwamba sasa alama inaweza kutoka, lakini mtandao haukubali kuondoa pingamizi la mtu bila sababu iliyoandikwa, na sababu ile itabaki chini ya jina lako siku zote. Akaniomba niandike mimi.

Kile kisanduku cha sababu ni kidogo, Mjomba. Nilikijaza na kukifuta. Nilitaka kukuomba msamaha pale lakini hapakuwa mahali pake, wewe mwenyewe ungenirudishia. Mwishowe niliandika hivi: "Alichouliza kimejibiwa. Aliona kosa ambalo sisi wengine hatukuliona. Hayupo kuiondoa alama hii mwenyewe."

Teodora akabonyeza. Alama ikatoka. Kazi yangu ikaingia kwenye lugha, jina langu na lako pamoja, mimi mwandishi na wewe msomaji. Nilikuwa kwenye kiti chako. Hapo ndipo nilipolia, na haikuwa sana, na Anti hakuja, na nadhani alisikia.

Sanduku nimelileta Voi. Liko nyuma ya duka, juu ya meza ya mbao, na mwenye duka amekubali mradi nichangie stima. Nimewaambia wale watu wako kwamba kuanzia sasa mwenye kutaka kujaribu kazi yake kwenye mashine ndogo aniletee mimi. Jana mgeni mmoja alituma kazi yake ya kwanza, ndefu, yenye haraka nyingi ndani yake, na Teodora amenipa mimi niisome. Nakuahidi nitaisoma mstari kwa mstari, na sitasema ndiyo mpaka nijue. Nikimrudishia, nitamwambia amekosea wapi.

Lala salama, Mjomba. Anti anakusalimu. Mvua imenyesha.

Mpwa wako,
Wakesho