Kijiko cha Pili

Mdogo wangu mpenzi,

Kuna jambo nimekuficha miaka thelathini, na daktari amenishauri nisiahirishe mambo.

Kwanza nijibu swali lako. Bia yako haitoi povu kwa sababu unaibania sukari. Kabla ya kufunga chupa ya nusu lita, tia sukari kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa juu. Ziache chupa ndani ya nyumba, penye joto, wiki mbili gesi ijae, kisha zihamishie penye baridi na giza, zikiwa wima. Mimi siku hizi naonja tu. Muuguzi huniuliza, "Babu, hiyo ni dawa au ukaidi?"

Najua kwa nini unaogopa sukari. Tangu chupa zilipolipuka stoo na kipande kikampofua shemeji jicho moja, unaamini ulizidisha kipimo. Mwenyewe alikutania mezani: "Huyu hata chai yake kijiko kinasimama!" Tulicheka wote, nami nikiwemo.

Hukuzidisha. Wiki ile baba aliisifu bia yako mbele ya wageni, yangu akaiita maji ya kuoshea vyombo. Nilitaka yako ifurike ikifunguliwa, uaibike kidogo. Sikufikiria chupa kupasuka.

Msomee shemeji barua hii yote. Ulipotoka kwenda kutafuta vifuniko, chupa ulikuwa umeshazitia sukari, nami nilikuona ukizitia. Niliingia stoo nikaongeza kijiko cha pili katika kila moja.

Kaka yako