Taa ya Tairi Haizimiki, na Usaili ni Jumatatu

Jumamosi, 14 Julai 2012. Lushoto. Baridi, na ukungu haujainuka tangu alfajiri.

Leo nitasema yote, hata yale ambayo mama angetaka yabaki nyumbani. Nikiruka kitu hamtaelewa kwa nini nimeketi hapa intaneti kafe na viatu vyenye tope, nimechoka na watu wazima wote ninaowapenda.

Jumatatu asubuhi nina usaili wa kidato cha tano katika shule moja ya wasichana kule Korogwe. Nimeomba fizikia, kemia na baiolojia. Barua yao inasema mwombaji aje na mzazi au mlezi, na atakayechelewa hatasubiriwa.

Sijawahi kutaka kitu kama ninavyoitaka nafasi hii. Sentensi hiyo nimeifuta mara mbili, sasa naiacha.

Baba analima kabichi Magamba, na mambo ya ofisi hayapendi. Alimwomba mdogo wake anayefanya kazi Tanga anisindikize. Baba mdogo akapanda huku milimani jana na gari lake jipya. Ni jipya kwetu, maana limeshatumika Ulaya. Tulipanga kuteremka kesho baada ya ibada, tulale kwa shangazi Korogwe.

Asubuhi baba mdogo alipowasha gari kulipasha moto, taa ndogo ya manjano ikawaka mbele ya usukani. Ina umbo la chungu kilichokatwa ubavu, katikati kuna alama ya mshangao. Akasema ni taa ya upepo wa matairi. Baba akazunguka gari akiyabonyeza matairi moja moja, kama anavyobonyeza kabichi kujua kama limefunga.

“Yamejaa haya,” akasema. “Taa yako imeona baridi ya Magamba ikaogopa.”

Nami nikaingilia mazungumzo. Nikaeleza kwa adabu kwamba hewa ikipoa mgandamizo wake hupungua, kwa hiyo huenda baba amesema kweli. Tulifundishwa hivyo. Baba alinitazama kwa fahari, na nilijisikia vizuri sana.

Tukateremka mjini kwa fundi Hoza, ili tu kumtuliza mgeni. Fundi akamwaga maji ya sabuni kwenye tairi la nyuma, povu likachemka. Msumari wa bati.

Taa ilikuwa imesema kweli. Likumbukeni hilo, maana ndilo linalonitesa sasa.

Kwetu mgeni hasimami penye tope kusubiri pancha. Baba akamchukua ndugu yake wakanywe chai na kusalimia watu sokoni, mimi nikaachwa nilinde gari. Na kwetu pia hakuna anayeliamini tairi lisilo na tyubu. Barabara zetu ni mawe, kwa hiyo ukipeleka tairi la namna hiyo kwa fundi yeyote, haulizi. Analifungua, anakata valvu, anaweka tyubu, anajaza upepo. Magari ya mboga yote yanayotoka Mtae yametiwa tyubu hivyo, na yanafika.

Fundi Hoza akakata valvu kwa kisu. Ikatoka na kidude cheusi kimeshikana nayo kwa ndani.

“Binti, hiki nini?”

Nikasema sijui. Kweli sikujua. Nilidhani kinachopima upepo kiko huko kwenye injini. Mimi, ninayeomba kusoma fizikia.

Baba mdogo aliporudi alikikuta juu ya ndoo. Alikishika kama mtu aliyeokota jino lake mwenyewe.

“Mzee Hoza, umekata nini?”

“Nimekuwekea tyubu, bosi. Hili tairi halitakusumbua mpaka uoe tena.”

“Hiki ndicho kinachoongea na taa!”

“Basi kimenyamaza.”

Hakikunyamaza. Taa iliwaka palepale na haijazimika. Wakakiweka kidude juu ya tairi, inawaka. Wakakifunga kwenye rimu kwa kipande cha mpira, inawaka. Baba akashauri gari lizimwe lipumzike. Likapumzika, likawashwa, inawaka. Fundi akaleta geji, akapima matairi yote mbele yetu, yote sawasawa. Kisha akatoa tepu nyeusi mfukoni. “Bandika hapo juu ya taa, bosi. Safari njema.”

Baba mdogo alikataa, na kwa bahati mbaya alikataa kwa hoja nzuri. “Asubuhi mlisema taa inadanganya, ikawa imesema kweli. Sasa mnasema tena inadanganya. Nikiteremka kona za Soni na mtoto wa kaka ndani ya gari, nimwamini nani?” Tairi la akiba ni jembamba kama la pikipiki, nalo pia baba mdogo haliamini. Rafiki yake wa Tanga kamwambia kwa simu kwamba kifaa kile hakipatikani, mpaka kiagizwe.

Kwa hiyo gari limesimama kwa fundi, limejaa upepo, zima kabisa, na halitembei.

Mtaniuliza, si kuna basi? Lipo. Limepita mbele yetu pale kwa fundi likiwa na nafasi, na kesho litakuwepo jingine. Nilipotamka tu neno “basi” mezani mchana, mama aliniita jikoni. Aliongea Kishambaa, kwa hiyo najua hakuwa na utani. Baba yako mdogo ametoka Tanga kwa ajili yako, akasema. Ukipanda basi mbele ya gari lake, umemwambia nini? Umemwambia gari lake ni bovu na ahadi yake ni bovu.

Baba naye hawezi kusema, kwa sababu yeye ndiye aliyeomba. Na baba mdogo, nina hakika kabisa, anataka twende kwa basi. Nilimwona akilitazama lilipopita. Lakini hawezi kusema yeye, kwa sababu ataonekana anakwepa alichoahidi. Kila mmoja anatunza heshima ya mwenzake, wanakula viazi, wananiongezea mchuzi.

Hakuna aliyekosea. Hicho ndicho kinachoniudhi. Ningempata wa kumkasirikia ningepumzika.

Sitaki kulia kwa ajili ya tairi. Nimefua sare, nimeipiga pasi, nimerudia sura ya mgandamizo mpaka naiona nikifumba macho.

Kesho nikitoka kanisani nitapita hapa kafe kabla ya chakula cha mchana, nisome majibu yenu. Mwenye gari la namna hii aniambie kwanza: taa ikiendelea kuwaka na geji ikasema upepo upo, tairi lenye tyubu litatufikisha Mombo, chini ya mlima, salama? Jibu lenu nitalichapisha nimpe baba mdogo mkononi.

Na kama halitatufikisha, basi wale mliolelewa milimani kama mimi, nijibuni hili haraka: mtoto anamwambiaje baba yake mdogo, mbele ya baba yake, “Twende wote kwa basi,” bila mmoja wao kuinamisha kichwa?