Nafasi Yangu ya Kumkanda Neema

Highview, Louisville
Mwezi wa tatu, 2015

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu mvua zianze huko kambini? Sisi huku tu wazima, ila baridi imenipasua midomo. Atakayekusomea barua hii mwambie asome polepole, maana nina wivu, Mama, na sitauficha.

Neema amejifungua salama kule Westerville, karibu na Columbus. Ni msichana. Umepata kitukuu.

Sasa sikia kosa langu. Mume wake, Obinna, ni Muigbo wa Nigeria aliyekulia Buffalo. Kwao Waigbo mwanamke akizaa, mama yake mzazi huitwa rasmi aje amkande, ampikie, amwogeshe mtoto. Wanaiita omugwo, na haki ya kwanza ni ya mama wa mke. Obinna alinipigia simu kwa adabu zote, kwa Kiingereza cha polepole, akaniomba nije. Nami nikamjibu kama mtu aliyelelewa: "Aa, mwanangu, msijisumbue, na kazi ya ghalani hainipi nafasi." Wewe unajua, kwetu mtu hakubali mwaliko mara ya kwanza. Nikakaa nangoja nibembelezwe, hata begi nilishafunga. Mtoto wa Buffalo akasema, "Okay, Mama, nimeelewa." Kesho yake akamkatia mama yake tiketi ya ndege.

Mimi nilipata ruhusa ya siku nne tu, nikapanda basi. Nilimkuta Mama Obinna ameshika nyumba nzima. Jikoni kuna supu ya viazi vikuu na samaki mkavu, yenye viungo alivyobeba kutoka kwao, pilipili yake inakukohoza tangu mlangoni. Anamwimbia mtoto kwa Kiigbo, mtoto anatulia. Na Neema, ambaye mimi nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, anapokea bakuli na kusema, "Daalu, Mama," yaani asante. Moyo uliniungua. Nilipewa ile supu nikaila, na ilikuwa tamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Asubuhi ya pili niliwahi kuamka nikachemsha maji. Mama Obinna akanikuta nimeshika kitambaa cha kukandia. Akashika upande mmoja, nikavuta wangu. Neema akasema kutoka kitandani, "Mama, please, mwache tu afanye."

Mimi ndiye niliyeambiwa niache. Nikamwambia, "Mtafsirie neno kwa neno. Hii ni nafasi yangu. Nilikataa kwa mdomo, sikukataa kwa moyo."

Mama Obinna akaachia kitambaa, akakaa. Alisema amemwacha mumewe mgonjwa nyumbani kwa sababu aliambiwa mama wa mke hataki kuja. Kisha akaniuliza, "Sasa si ungesema tu ndiyo?" Nikachovya kitambaa kwenye maji ya moto.

Basi nikamkanda Neema kama ulivyonikanda wewe, kuanzia kiunoni kuja tumboni, kwa uzito wa mwili mzima. Akalia kwa Kiswahili safi: "Mama weee, unaniunguza!" Mwenzangu alisogeza kiti akatazama mikono yangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilifurahi, nikudanganye nini. Lakini jioni Neema alipoita "Mama" kutoka chumbani, tuliinuka wote wawili, nami nikamkanyaga mwenzangu mguu nikapita. Nilimwomba radhi baadaye, nusu nusu.

Nimerudi ghalani kufunga maboksi, na yeye amebaki mpaka mwezi wa tano. Kila nikipiga simu nasikia sauti yake nyuma ikimwimbia mjukuu wangu. Bado inaniuma.

Nisalimie dada yangu Consolata na watoto wake, baba mdogo Zakaria, na shangazi anayekuchotea maji. Mwambie shangazi kitenge chake sijakisahau.

Obinna ndiye aliyenisindikiza kituoni siku ile. Akiweka begi langu kwenye basi alianza kusema, "Mama, Mungu akitupa mtoto wa pili, tungependa—" Sikumngoja amalize. Nilisema ndiyo, Mama, nikaisema mara tatu, abiria wakageuka kunitazama.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka,
Spesioza, Mama Neema