Daftari Uliloniletea Mbio

Mwalimu Odhiambo,

Ulinikataza kukuandikia kwa Kiswahili. Leo utavumilia, kwa maana Kiingereza sina nguvu nacho.

Mtihani niliufanya. Swali lako lilikuja, lile la kufupisha sentensi: "The man who is standing at the door." Nikakusikia pale darasani kwetu mtaa wa Gatwekera, ukigonga ukuta wa mabati kwa chaki: "Toa who, toa is! Si wewe ni fundi wa mbao, Wafula? Piga randa hiyo sentensi!" Nikaandika "The man standing at the door", kisha nikalia mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Nilikuua.

Siku ile nilisahau daftari langu darasani, na mtihani ulikuwa umebakiza siku mbili. Ukalichukua, ukatoka mbio kunifuata. Mchana huohuo mama mmoja alikuwa ameibiwa redio. Akaona mwanamume anakimbia na kitu kwapani, akapiga mayowe: "Mwizi!" Unavyotujua sisi, kila mtu hutupa jiwe lake kwanza, kuuliza ni baadaye. Niligeuka na wenzangu. Ulikuwa umeshatupita bila kuniona; niliona mgongo tu. Nikaokota jiwe, nikalitupa kwa nguvu zangu zote, na Mungu anisamehe, nilifurahi lilipokupata kisogoni. Ulianguka. Wengine wakamalizia kwa mbao na vyuma. Walipochoka ndipo nikaliona daftari kwenye matope, lile nililolifunika kwa karatasi ya kalenda, limelowa damu. Ulikuwa umezisahihisha sentensi zote.

Polisi waliandika kwamba uliuawa na umati, wakaenda zao. Jirani yangu ananiambia, "Achana na hiyo story, Wafula. Ni mob iliua." Namchukia. Hata wewe nakuchukia! Kwa nini hukuliacha tu lile daftari bovu? Hapana, Mwalimu. Nisamehe.

Jeneza lako nililitengeneza mimi. Mkeo alilishika kwa mikono miwili, akanishukuru, akaniita shemeji. Nikazipokea shukrani hizo. Tangu hapo chakula hakipiti.

Jumamosi nakwenda kwenu huko ziwani alikokuzika. Daftari nitalibeba. Nitamwambia mkeo, mbele ya ndugu zako, kwamba jiwe lililokuangusha lilitoka mkononi mwangu.

Lala, Mwalimu wangu. Mkeo akipiga mayowe, sitakimbia.

Wafula